Igizo la Mama Mkubwa

Mkufunzi alikuwa amefundisha ile kozi mara nyingi mno, hata vichekesho vyake mwenyewe vilikuwa vimemchosha. Ilipofika moduli ya pili alijua kuna mtu wa nyuma atauliza kama vyeti vitakuwa na picha. Ilipofika ya nne alijua projekta itazimika, tena itazimika palepale penye mchoro wa jinsi ya kutambua kaya zenye uhitaji, utadhani nayo imechoka kuuangalia. Maafisa waliletwa kutoka kila upande, wakakaa wiki nzima katika ukumbi ule wenye mapazia ya rangi ya tope, wakajifunza kubuni mipango ya hifadhi ya jamii na kuisimamia: nani asaidiwe, asaidiwe vipi, na akikosa akalalamike wapi. Kisha wakarudi makwao na mkoba mpya begani. Mkoba mitaani ulionekana. Hayo mengine, Mungu ndiye ajuaye.

Hakuwa mtu mbaya. Miaka ya mwanzo alirudi nyumbani sauti imemkauka kwa kubishana na maafisa juu ya haki ya bibi mmoja wa kwenye mfano, bibi ambaye hakuwahi hata kuzaliwa. Siku hizi alirudi na sauti yake nzima, akavua viatu, akakaa. Mkewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona tofauti, na hakuipenda.

Nyumbani kwao alikuwapo Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu hajui kufunga vifungo. Alimlea kwa kufua nguo za watu. Alifua za walimu, za wenye maduka, za maharusi na za wafiwa, mpaka huyo mtoto wa mdogo wake akasoma akawa mtu wa tai. Uzeeni akahamia kwake, akapewa chumba kinachotazama uani, akaandikishwa kwenye pensheni ya wazee. Kila alipolipwa alinunua kitu kimoja kabla ya vingine vyote, nacho ni sabuni ya nyumba nzima. Hakuna aliyemwomba. Aliiweka kwenye beseni lake chini ya dirisha, na yeyote aliyetaka kipande, awe mtoto, awe mwenye nyumba, ilibidi aje aombe. Akiwa na moyo mkunjufu alitoa papo hapo. Akiwa amekasirishwa alikuambia usubiri, nawe ulisubiri. Kwa sabuni ile hakuwa mgeni wa mtu.

Kisha zikaja mashine za vidole. Kila mzee aweke kidole kwenye kioo, mashine imtambue, ndipo alipwe. Vidole vya Mama Mkubwa vilikuwa laini kama ganda la yai. Maji na magadi ya maisha yake yote yalikuwa yamefuta kila mstari, na mashine ikawaka taa nyekundu. Mtu wa malipo akamshauri apumzishe mikono, apake mafuta, asishike maji kwa muda, na mistari ingerudi yenyewe.

Lilikuwa shauri zuri, ila halikumjua Mama Mkubwa. Alipokosa ya kununulia sabuni aliona hana tena anachochangia pale nyumbani, basi akaamua kuchangia kwa mikono. Watu wakiamka wanakuta nguo zao zote zimeshaanikwa kambani. Mkewe Mkufunzi alificha mashuka machafu chini ya kitanda, yakafukuliwa. Akaficha ndoo, bibi akafulia kwenye sufuria.

"Mama anafua ili asione haya anapokula," mkewe alimwambia. "Na akifua, vidole vinazidi kufutika. Vikifutika, halipwi. Asipolipwa, anafua. Sasa wewe si ndiyo kazi yako hii? Nenda ukawaambie."

"Kesho."

"Kesho yako hii ina mwaka sasa."

Haikuwa uongo. Mama Mkubwa mwenyewe alikuwa amemwomba mara nyingi, kwa ile sauti yake ya pembeni, huku akijidai anatafuta kitu kabatini, na kila mara alijibiwa kesho. Mkufunzi alijiambia kwamba ni msimamo. Moduli ya sita ilikataza afisa kuwapitishia ndugu zake mlango wa uani, na yeye ndiye aliyekuwa akiifundisha kidole kikiwa juu. Lakini siku akiwa mkweli alijua kwamba ni uchovu. Alijua jinsi shauri kama lile linavyozungushwa kutoka meza hii hadi meza ile, na kulifikiria tu kulimtosha.

Sasa, siku ya nne ya kila kozi kulikuwa na igizo. Meza moja iliwekwa mbele ya ukumbi ikaitwa dawati la malalamiko, afisa mmoja akakaa nyuma yake, na dada wa mapokezi wa pale chuoni akaja kujifanya mlalamikaji. Huyu dada alikuwa ameigiza miaka mingi kiasi cha kuanza kuongeza vilio vyake na kuzimia, lakini safari hii alikuwa kwenye likizo ya uzazi. Mkufunzi hakuwa na nguvu ya kutafuta mwingine. Asubuhi hiyo, kikombe cha chai mkononi, alimtazama Mama Mkubwa akianika shuka uani, na wazo likamjia kirahisi mno.

"Mama Mkubwa, leo twende wote kazini. Kuna maafisa wanajifunza kusikiliza malalamiko. Utawaeleza hili jambo lako la vidole."

Mama Mkubwa akaliachia shuka. "Ni maafisa kweli? Wa hizi pensheni?"

"Ndio wenyewe. Ila ni mazoezi, Mama. Wanajipima."

"Hata wakijipima," alisema, akijifuta mikono kwenye gauni. "Masikio si yaleyale?"

Hapo ndipo Mkufunzi alipotakiwa kukaa naye chini amweleze vizuri. Alitazama saa, akamwambia avae haraka.

Mama Mkubwa alitoka chumbani na gauni la harusini, kilemba kimenyooka, na kadi yake ya pensheni kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine. Ukumbini alikaa wima, akisubiri kuitwa. Nyuma ya dawati siku hiyo alikuwa afisa mmoja mrefu, ambaye Mkufunzi alimpa jina la Twiga, kwa kuwa majina ya washiriki yalikuwa yameacha kumkaa kichwani tangu zamani.

Na Twiga alikuwa hodari, hilo lazima lisemwe. Bibi alipokaribia alisimama, akamvutia kiti, akangoja akae kwanza. Alimsikiliza bila kumkatiza, hata pale hadithi ilipopitia kwa maharusi na wafiwa. Aliomba kuviona vidole, akavishika kwa heshima, akavigeuza kwenye mwanga. Kisha akaandika, akamsomea alichoandika, akamuuliza kama ndivyo.

"Ndivyo," alisema Mama Mkubwa.

"Basi nisikilize, bibi. Mwongozo unasema mashine ikimkataa mtu, mtu asirudishwe. Wapatikane mashahidi wawili wanaomjua, afisa asaini, alipwe. Ndani ya wiki mbili utakuwa umepata haki yako. Usipoipata, njoo uniulize mimi mwenyewe."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkufunzi alimpa Twiga alama zote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mshiriki mmoja akamnong'oneza, "Mwalimu, huyu bibi mmemtoa wapi? Anaigiza mpaka unaamini." Mkufunzi akatabasamu tu. Walipokwenda kunywa chai alikusanya karatasi za zoezi, ile ya Twiga ikiwa juu, akazitia kwenye boksi la karatasi chakavu kama siku zote.

Mama Mkubwa alirudishwa na gari la chuo, akakaa kiti cha mbele. Jioni yake hakugusa ndoo. Kesho yake pia hakuigusa. Alikaa kivulini amepaka mafuta hadi viwiko, akawasimulia majirani habari za kijana mrefu aliyemvutia kiti, na watoto wakichezea povu bafuni aliwagombeza kwamba sabuni ijayo ni yake na haitachezewa namna hiyo. Mkewe Mkufunzi alimwekea mumewe kipande kikubwa cha nyama. "Leo umefanya jambo," alimwambia.

Aliila ile nyama. 

Alitaka kusema. Siku moja alianza kabisa, "Mama Mkubwa, lile la chuoni," naye akadakia, "Mungu amzidishie yule kijana," basi akaishia hapo. Kisha akajipa matumaini ya mtu mvivu. Si anapumzisha mikono? Si anapaka mafuta? Mistari itarudi, mashine itakubali, na hakuna atakayejua kwamba kijana mrefu hakufanya kitu. Kazi yake mwenyewe alikuwa ameyaachia mafuta ya kupaka na vidole vya bibi yule.

Wiki mbili zilipotimia Mama Mkubwa alivaa tena gauni la harusini. Mkufunzi aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza. Njiani alijiambia atasema wakifika kona, wakafika kona, akajiambia atasema wakivuka barabara.

Ofisi ya malipo ilikuwa na benchi refu na dirisha lenye tundu chini mno, hata mtu mfupi ilibidi ainame kama anayeomba msamaha. Benchi lilijaa wazee. Mmoja, aliyekuwa mponda kokoto ujanani, alisogea ili wapate nafasi, akawaonyesha vidole vyake vilivyosagika.

"Nimekuja mara hizi zote, nami narudi mkono mtupu," alisema. "Hii mashine haiwapendi waliofanya kazi."

"Mimi wangu ameshaniandika," alisema Mama Mkubwa. "Muulizie huyohuyo, kijana mmoja mrefu. Ana adabu sana."

Mkufunzi alitazama sakafu. Zamu ilipofika alisimama nyuma ya Mama Mkubwa, karibu, kama mtu anayengoja kumdaka.

"Kadi," ilisema sauti ya ndani. "Weka kidole. Kingine. Kingine." Taa nyekundu ikawaka mara zote. "Imekataa, bibi. Kapumzishe mikono, uje mwezi ujao. Anayefuata."

Mama Mkubwa aliitambua ile sauti. "Mwanangu, si uliniandika tayari?"

"Lini?"

"Pale chuoni. Ulisimama ukanipa kiti."

Ndani ya dirisha kichwa kikainuka, kikaendelea kuinuka, maana mwenyewe alikuwa mrefu. Twiga, aliyekuwa amemshikia karani dirisha siku hiyo, alimtazama bibi, akaona kilemba, akaona gauni. Kisha akamwona Mkufunzi nyuma yake, na uso ukamshuka.

"Bibi," alisema polepole, "ile ilikuwa mafunzo."

Mama Mkubwa hakuelewa mara moja. Alibaki ameinama pale tunduni, mkono bado juu ya kioo. Halafu akanyooka, akageuka.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, Mama."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja tu, kama mtu aliyeonyeshwa njia. Mkufunzi angependelea atukanwe.

Twiga alikwisha kutoka, akafungua mlango wa pembeni, akawaingiza ndani huku akimsukumia bibi kiti chake mwenyewe. "Mwalimu, jamani, mbona hukusema kama ni mama yako? Ungenipigia simu tu. Hili si la kukaa foleni."

"Simu?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Simu moja tu, bibi. Leo ungekuwa umesahau."

Bibi aliikunja mikono yake mapajani, ile mikono iliyong'aa mafuta, akaitazama. Mkufunzi alijisikia aibu ya kweli, ile inayopasha moto masikio, wala hakupata pa kuiweka. Mwaka mzima wa kuinama kwenye beseni, nao ulikuwa na urefu wa simu moja.

Mambo yakaenda mbio. Mkufunzi akawa shahidi wa kwanza, Twiga akamwita karani kuwa wa pili, maana naye alimjua bibi kwa kumrudisha kila mwezi. Mama Mkubwa akachovya dole gumba kwenye wino, akalikandamiza. Kilichotokea karatasini kilikuwa doa jeusi tupu, bila mstari hata mmoja. Twiga akasaini chini yake.

"Tayari, bibi. Unaweza kwenda dirishani sasa."

Hakuinuka. "Na yule mzee wa kokoto?"

Twiga akakuna shingo. "Yule hadi mwezi ujao."

"Kwani mwongozo wake ni mwingine?"

"Bibi, darasani ni rahisi. Darasani hakuna makao makuu." Alisema bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubishana na nafsi yake akashindwa. "Nikisaini mmoja bila mashine, wanauliza. Nikisaini wengi, wanasema ni wazee hewa na pesa nimekula mimi. Na mashahidi nawatoa wapi? Wazee wengine hapa hawana mtu wa kuwasemea. Huyu wako ana jina, wanalijua."

Mama Mkubwa akamgeukia Mkufunzi. "Mwambie yule ni baba yako mkubwa."

"Mama Mkubwa, haiwezekani."

"Wiki mbili umenidanganya tukila sahani moja. Huu mdogo ndio utakushinda?"

Hakupandisha sauti. Mkufunzi alifungua mdomo ataje kifungu, kwa kuwa kipo kifungu, yeye ndiye aliyekiandika: shahidi awe mtu anayemjua mhusika. Akakumbuka bibi wa kwenye mfano, aliyempigania mpaka sauti ikakauka. Akaufumba mdomo. Alikuwa amechoka sana, lakini kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alichokuwa amechoka nacho kilikuwa ni nafsi yake mwenyewe.

"Uongo sitasema," alimwambia Twiga. "Ngoja nikamjue."

Akatoka, akakaa benchini kando ya mponda kokoto, akamuuliza anaishi wapi, amezaa wangapi, machimbo gani alifanya kazi na nani anamkumbuka. Aliandika jina lake kamili mahali pa shahidi, na namba ya simu, na cheo, ili makao makuu wakitaka kuuliza wajue wa kumuuliza. Mzee akachovya kidole, Mkufunzi akamshikia kisiteleze. Kisha akasogea kwa aliyefuata, mama mmoja aliyefinyanga vyungu maisha yake yote. Karani akasogezwa kutoka dirishani aje kuwa shahidi wa pili, akaja akinung'unika. Twiga alitazama kutoka mlangoni, akaenda kuleta kiti, akakiweka mbele ya benchi, akaanza kusaini. 

"Mwalimu, wakituita?"

"Tutakwenda wote. Na safari hii nitakushika jina. Unaitwa nani?"

Twiga akamtajia. Wakaendelea mpaka wino ukaisha, na bado benchi halikuwa limeisha.

Mama Mkubwa hakumsubiri. Alirudi nyumbani peke yake, akipitia dukani. Mkufunzi alipofika jioni alimkuta kwenye kigoda chini ya dirisha, beseni lake limejaa miche ya sabuni, naye anaikata kwa waya vipande sawasawa. Watoto walikuwa wamejipanga. Mtoto akiomba, anapewa. Mkewe Mkufunzi akaomba, akapewa kipande kikubwa zaidi na neno la mzaha juu yake.

Mkufunzi alisogea, vidole vyake vyote kumi vikiwa vyeusi kwa wino wa watu.

"Mama Mkubwa, naomba sabuni."

Mama Mkubwa alimaliza kukata mche ulioko mkononi, akapanga vipande vyake, akafunika beseni kwa kitambaa. Ndipo akamtazama.

"Kesho, mwanangu," alisema.